Kiungo Asiyesema

Ilianza Jumanne, saa kumi na nusu jioni, tulipomaliza usafi. Mwalimu wa hesabu, Mwingereza, alitukalisha kwenye nyasi nyuma ya bwalo. Tulikuwa tumevaa sketi za shule juu ya bukta, kwa sababu mkuu wa shule hakutaka wazazi wanaopita kwenda mnadani waone miguu yetu. Mke wa mwalimu huyo alikuwa muuguzi kwenye hospitali ya misheni, na ndivyo walivyofika Hanang. Timu yetu ya mpira ya wasichana aliianzisha mwalimu mwenyewe. Tulisikia kwao alikuwa mchezaji wa kulipwa, ila hakuna aliyewahi kumwuliza. Siku hiyo kapteni wetu akamwuliza.

"Mwalimu, mbona hatujawahi kukuona kwenye mechi za Ulaya, kwenye banda la video pale Katesh?"

"Na hamtaniona. Nilicheza ligi za chini. Miaka mingi nilikuwa daraja la nne."

Tulicheka mpaka wengine wakalala chini.

"Mwalimu ana four! Amenusurika kufeli!"

"Na hesabu anatufundisha yeye! Tumekwisha!"

Alicheka na yeye, halafu akatueleza. Timu kubwa ya mji wao ilimlea tangu utotoni, ikamwacha alipofika miaka kumi na minane. Kocha alimpa habari hiyo nje, kwenye maegesho ya magari, mvua inanyesha, halafu akamwomba amsaidie kusukuma gari lake. Akasukuma. Baada ya hapo alizunguka timu tano, kwenye miji ambayo alisema hata Waingereza wengine hawaijui. Ligi ikisimama alipaka rangi nyumba za watu, maana mshahara haukutosha. Mara moja tu timu yake ilipangiwa timu kubwa kwenye kombe. Aliingizwa kipindi cha pili, wakafungwa, na mwisho wa mchezo akamwomba mpinzani wake jezi, yule akasema ameshaahidi mtu mwingine. Mwishowe goti likamwambia basi.

Mimi nilitegemea kusikia habari za magari ya kifahari. Nikamhurumia kidogo. Lakini yeye hakuonekana kujihurumia. Alieleza kama baba yangu anavyoeleza misimu ya mahindi, mwaka huu tulipata, mwaka ule hatukupata.

"Mbio sikuwa nazo," alisema. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko chetu, ila cha polepole. "Shuti sikuwa nalo. Walinilipa kwa ajili ya mdomo. Kiungo anaona uwanja wote. Akiona halafu akanyamaza, ni sawa na hakuona."

Akaniangalia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa kiungo.

"Huyu, mwalimu?" kapteni akadakia. "Huyu hata paredi tukihesabu namba, jirani ndiye anamsemea!"

Ilikuwa kweli. Nikiitwa jina darasani moyo ulikwenda mbio na maneno yakakwama. Mpira niliupenda kwa sababu ukikufikia haukuulizi kitu.

"Jumamosi tunacheza na wasichana wa shule ya Gehandu," mwalimu akasema. "Ukisema, namba sita ni yako mpaka Babati. Usiposema, nitaweka mwingine."

Babati kulikuwa na mashindano ya mkoa. Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, wakubwa walikuwa wakijisahau na kusema "mkoani Arusha". Nilitamani kwenda Babati mpaka ugali ukawa haupiti.

Jumamosi kulikuwa na upepo wa mlimani, vumbi tupu. Katikati ya kipindi cha kwanza kapteni, ambaye alicheza beki, alikuwa anageuka na mpira taratibu golini kwetu. Nikamwona mshambuliaji wao anakuja nyuma ya mgongo wake. Niliona kila kitu. Lakini kapteni alikuwa kidato cha nne, mimi cha pili. Alikuwa kiranja wa bweni letu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo na kumpisha bombani. Mtu kama huyo anaamrishwaje? Mdomo ukajisemea wenyewe:

"Dada, samahani, naomba uangalie, kuna mtu..."

Sikumaliza. Mpira ulikuwa wavuni.

"Samahani ya nini?" kapteni akanifokea. "Unaomba chumvi?"

Hata wa Gehandu walicheka.

Mapumziko tulikula machungwa. Mwalimu hakunigombeza. Alisema mechi yake ya kwanza na watu wazima alimwona mtu anamjia kwa nyuma beki wao, mzee wa timu, baba wa watoto. Akaona aibu kumpigia kelele. Yule mzee akagongwa, akapoteza meno mawili.

"Nilimheshimu sana," mwalimu akasema.

Kapteni alijishika mdomo. Akanigeukia.

"We mtoto, nisikilize. Meno yangu nayahitaji. Refa akipuliza, heshima uiache hapa kwenye maganda. Uniite hata mbuzi."

Kipindi cha pili nikapiga kelele mara moja: "Nyuma!" Kapteni hakugeuka hata kutazama, akamrudishia kipa mpira. Hakuna aliyenishangaa. Tukasawazisha. Halafu mara nyingine nilizoona, sauti haikutoka, wakatufunga la pili na mechi ikaisha.

"Nimekusikia mara moja," mwalimu aliniambia tukikusanya mipira. "Uliona hatari mara ngapi?"

"Nyingi, mwalimu."

"Basi nitaamua kesho jioni."

Asubuhi yake, kabla ya ibada, kapteni alikuwa bwenini ananyoosha blauzi kwa pasi ya mkaa. Nikaenda mpaka kitandani kwake. 

"Dada, jana ulikuwa unapanda mbele sana. Bao la pili lilipita palepale ulipotoka. Babati usipande mpaka nikuite."

Wasichana waliokuwa wanasukana wakageuka kututazama. Kapteni akapuliza majivu ya pasi, hana haraka.

"Na wewe utaniita?"

"Nitakuita."

"Sikusikii."

Nikasema tena, kwa sauti, na waliokuwa bado wamelala wakaamka.