Wachezaji libre wa Radi walikuwa watatu, si wawili

Alinyoosha mikono yote mbili juu, kama gardien anayengojea corner.

Maji ilikuwa kwenye kidevu. Halafu kwenye mudomo. Mie nilikuwa nimekumbatia bidon ya njano, tupu, ile ya kubebea mafuta ya mawese. Nikamunyooshea muguu. Vidole vyake vikagusa kisigino changu. Alikuwa angali na plasta kwenye vidole, ile magardien, walinda goli, wanafungaga. Plasta iliteleza.

Kisha muto ikafunika ile fasi, pale alipokuwa. Polepole, laini, kama mama anatandika shuka.

Wakuu, munisamehe nimetanguliza kifo mbele ya salamu. Sikupata mulango mwingine wa kuingilia. Sasa nawasalimia: muko wazima? Mie ni fundi mbao wa Lubunga, ngambo ya kushoto ya Kisangani, na ni mupiga ngoma wa timu yetu Radi tangu sijaota ndevu. Masomo yangu ilikuwa fupi. Nikikosea maandishi, musahihishe maandishi. Mambo yenyewe musiiguse, ndivyo ilikuwa.

Munajua kwa nini naandika. Kuna uzi hapa jukwaani, munapima wachezaji libre wa Radi wa msimu huu. Libre, yaani wale walikuja bila timu, mukataba imekwisha kule walikotoka, unawachukua bure. Nusu yenu munasema Dodo ndiye bora. Nusu munasema Shabani. Nimesoma yote, na vicheko vyenu.

Halafu mutu mumoja akauliza: na yule gardien?

Komite ya Radi ikajibu, kwa jina la komite kabisa: "Libre walikuwa wawili tu. Yule wa tatu alikuwa kwenye test, anajaribiwa tu, hakuridhisha, alirudi kwao."

Alirudi kwao.

Nilikuwa napiga randa kwenye mulango wa mutu, nikaacha. Takataka ya mbao ilikuwa miguuni, nyeupe, inajikunja, nikaiona kama povu. Siku hizi ni hivyo. Naona maji fasi hakuna maji.

Bon. Munataka kupima? Tupime wote watatu, kwa haki.

Dodo, mushambuliaji. Mutoto wa Mbandaka. Mguu wa kulia ni wa dhahabu, mguu wa kushoto ni wa kupandia baiskeli tu. Akipata nafasi ya kwanza anakosa, ya pili anakosa, ya tatu anafunga halafu anakimbilia kwetu kwenye ngoma kama hakukosa kitu. Mvivu kurudi nyuma. Lakini amefunga, na wakati timu iko chini ndipo anafunga. Namupa alama nzuri.

Shabani, beki wa kushoto. Mutu wa kimya. Ballon zake, ile mipira ya kuvusha, zinaangukaga kama jani, huoni haraka, lakini zinafika pale pale. Shida yake akipanda anasahau kushuka. Mara ngapi tumefungwa kwenye upande wake akiwa bado anatembea kule mbele, mikono kiunoni? Hata hivyo, bila yeye Dodo angefunga nini? Alama nzuri pia.

Na sasa Kambale.

Kambale alitoka upande wa Lubero, kwenye milima, fasi ya baridi. Murefu, mabega kama kabati. Alishuka kwa moto, yaani pikipiki, siku nyingi za matope katika ile barabara, akafika amekauka midomo. Tulimuona mara ya kwanza asubuhi, ukungu ingali kwenye kiwanja. Wakuu, sijui niseme namna gani. Ballon zilikuwa zinatoka ndani ya ule ukungu, huoni aliyepiga, na yeye anaziokota hewani moja moja kama mutu anachuma matunda. Hakuna kelele. Pu. Pu. Pu. Nilisahau kwamba nashika ngoma.

Kasoro yake? Corner. Alikuwa anabaki kwenye mustari, hatoki. Kila mutu alisema. Mupiga tarumbeta wetu, Mokili, alikuwa anamupigia kelele: "Eh gardien! Toka nyumbani kwako, tumekuletea mugeni!" Kambale anacheka tu, meno yote nje.

Kwa hiyo ningemupa alama gani? Ningemupa ya juu kuliko wote. Semeni ni mapenzi. Sawa, ni mapenzi.

Siku ya kuwaonyesha kwa watu, wote watatu walisimama kwenye kiwanja. Prezida wetu, Lofemba, munamujua, mwenye bateau ya biashara kwenye muto, aliwavalisha jezi kwa mikono yake. Kambale aliinama sababu ya urefu, Prezida akamupitishia jezi kichwani kama baba anavalisha mutoto. Watu walipiga makofi. Mie nilipiga ngoma mpaka ngozi ikalia.

Sasa musikilize vizuri. Baada ya jezi, Kambale aliomba kusema. Akasema mbele ya wote: "Prezida, siye ni watu wa milima. Maji sijui, hata kidogo. Kama match iko mbali kwa muto, mie nitapita barabara, hata kwa moto, hata kwa miguu."

Directeur wa mupira, Alimasi, akachukua neno: "Kijana, hapa tunatafuta gardien. Hatutafuti muvuvi!"

Kiwanja kizima ikacheka. Na jambo ikapita hivyo, kama mawingu.

Unaelewa? Watu wa Kisangani tunapimaga muchezaji urefu, mbio, muguu, kichwa. Hatuulizi kama anajua kuogelea. Kwetu ni kama kuuliza mutu kama anajua kupumua. Mutoto wetu anatupwa kwenye maji angali hajui kusema papa kwa baba yake. Kwa hiyo mutu akisema maji sijui, tunasikia utani.

Hata jina walimupa: Mukavu. Sababu baada ya mazoezi wenzake wanashuka kuoga kwenye muto, yeye anabaki juu, anaomba ndoo. Walisema anajiona, hataki kuchangia maji na watu. Hapana. Alikuwa anaangalia ile muto vile mie naangaliaga mbwa ya mutu mwingine.

Bon, safari.

Msimu ulikuwa haujaanza. Radi ilialikwa Isangi kucheza match ya kirafiki. Prezida akasema tutaenda na balinyeri yake, ile bateau kubwa ya mbao, inashuka kule kwa biashara. Donc timu ikapanda juu ya biashara. Chini mabati na chumvi. Juu ya mabati kreti za bia. Juu ya kreti bidon tupu za mafuta, zimefungwa kamba, zinaenda kujazwa. Juu ya yote, siye.

Kwenye beach, pale bateau zinapakia, kila mutu alipewa gilet, ile koti ya kuelea. Rangi ya machungwa, mpya. Wakubwa wa bandari wakapita, wakaona gilet, wakafurahi. Ikapigwa picha. Ile picha iko mpaka leo kwenye ukurasa wa Radi, nendeni muangalie: mutu wa nyuma, murefu kuliko wote, hacheki. Ni yeye. Ni mutu wa test, yule?

Tulipozunguka kona ya muto, muji ukapotea, Alimasi akapita anakusanya gilet. "Toeni, toeni, ni ya kukodi, mutaijaza jasho na mafuta." Akazitia kwenye sanduku ya chuma karibu na kapita, mushika usukani, akafunga kufuli, ufunguo mufukoni.

Kambale alikataa. Alikuwa amekaa katikati, amejishika kwenye kamba ya bidon.

"Tonton, niachie yangu."

"Leta, weye."

"Niachie, tonton. Tukifika nitaifua mimi mwenyewe."

Alimasi akageukia watu: "Muone gardien wetu! Anaogopa maji ya kunywa. Ballon atashika namna gani?"

Mokili akapiga tarumbeta, piii! Bateau ikacheka. Alimasi akainama, akamufungulia ile gilet kifuani, kifungo kwa kifungo, polepole, kama mutu anavua ganda ya ndizi. Kambale hakupigana. Mugeni hapigani na mwenye nyumba.

Na Prezida? Prezida alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, mbele, chini ya kivuli. Aliona. Alikuwa anakula karanga.

Wakuu, mbele ubaya haujatufikia, ile safari ilikuwa nzuri, na hii ndiyo inaniumiza. Muto ilikuwa imelala. Visiwa vinapita vyenyewe, ndege weupe wamekaa kwenye miti kama nguo imeanikwa. Huwezi kujua kama ni bateau inatembea ao ni pori. Wachezaji walikuwa wanaimba chini chini. Dodo alilala, kichwa chake kwenye paja la Shabani. Nilikaa karibu na Kambale, nikamuonyesha moshi wa vijiji. Akaniuliza: "Papa, ndani kuna nini? Chini kabisa?" Nikamuambia: "Mchanga, mutoto yangu. Ni mchanga tu, kama barabara." Akatulia kidogo. Akaanza kufunga plasta vidoleni, ajizoeshe. Tulikuwa tumepita Yanonge.

Upepo ilitoka nyuma ya kisiwa. Sikuona mawingu. Maji iligeuka rangi tu, kama jicho inapofumba. Bateau ikainama upande mumoja, ikangoja, kama inafikiri. Mabati yakaanza kuteleza. Ile sauti, kama mutu anafunga maduka yote ya soko kwa mara moja. Na siye tukateleza pamoja na mabati.

Niliyoona ndani ya maji nimeshaandika pale juu. Sitaandika tena.

Wavuvi wa Yanonge ndio walituokota, na mitumbwi yao. Mungu awalipe, hawakuuliza tuko wa timu gani. Dodo aliogelea mwenyewe, akamuvuta Shabani kwa jezi. Mokili alipanda juu ya bidon. Kapita alipona. Alimasi alipona, ufunguo mufukoni. Prezida alipona, sababu yeye peke yake alikuwa amebaki na gilet yake mwilini. Walipomutoa kwenye mutumbwi ilikuwa inang'aa, rangi ya machungwa, mpya.

Ni mutu mumoja tu alipotea. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Muto haikumutoa.

Kule ufukoni Alimasi alituambia tusiseme ovyo, komite itapasha habari familia. Nikaamini. Saa ile ningeamini hata mbuzi.

Komite haikupasha kitu. Msimu ukaanza, licence za Dodo na Shabani, zile kibali za kucheza, zikatoka, ya Kambale haikutoka, na kimya ikawa ndefu. Ukiuliza unaambiwa mambo inafuatwa.

Halafu mudogo wake akapata namba yangu. Anaitwa Masika, anauza vitunguu kule kwao. Sauti yake ni ya chini, heshima mingi. Akaniambia: "Papa, tulipigia timu simu. Wanasema hawana mutu kama huyo. Wanasema alikuwa test, akaondoka. Papa, weye unajua yeye iko wapi?"

Nilimuambia. Wakuu, nilikaa chini kwenye takataka ya mbao, nikamuambia yote, na mikono yake juu.

Alilia. Akasema: "Mie nakuamini. Lakini mama hakubali. Anasema wakubwa wa timu wamesema alirudi kwao, basi iko njiani. Hataki tukae matanga. Akisikia mulio wa moto inapanda kilima, anatoka inje kuangalia."

Matanga haijakaliwa. Hakuna mwili, na hakuna mukubwa wa kusema mutoto wenu alikufia mikononi mwetu. Kwao na kwetu ni sawasawa: mutu haliliwi kwa maneno ya mupiga ngoma. Mwenye kazi ndiye anakujaga, anasimama mbele ya mama, anasema.

Namuota, ndiyo. Naota ni asubuhi, ukungu, na yeye anachuma ballon. Kila mara natafuta nimuambie kitu, sikumbuki ni nini.

Nilichojifunza, mukichukue ninyi wa timu zingine: mukipima muchezaji mugeni, musipime tu kile anaweza. Akikuambia kile anaogopa, hiyo nayo ni kipimo. Andika, shika, usicheke. Na gilet ikivaliwa kwa picha, piga kelele pale pale kwenye beach, hata wakufukuze kwenye timu.

Maoni yenu nayataka, wakuu, hata ya kunitukana. Ulikuwa kwenye ile bateau na unaogopa? Andika neno moja tu: nilikuwa. Dodo, Shabani, ninyi ni watoto wazuri, najua komite imewafunga mudomo. Mokili, weye sina huruma na weye, una tarumbeta, pumzi unayo.

Lakini jibu la kwanza silitaki kutoka kwenu.

Alimasi, unasoma hapa. Uliniambia mwenyewe unasomaga hili jukwaa kila siku. Nani alimuvua gilet? Nani alifunga kufuli? Jibu kwa jina lako, si kwa jina la komite.

Prezida Lofemba, uliona. Bateau ni yako, timu ni yako, jezi ulimuvalisha weye. Sikuombi kitu kingine. Panda uende kule milimani, kwa barabara, vile yeye aliomba kupita. Ingia kwa yule mama, vua kofia, umuambie mutoto wake alikuwa wa Radi na hatarudi. Umuambie weye, kwa mudomo wako, aache kutoka inje.

Tunangoja.