Waya Niliyomwambia Baba Yako Achomoe

Kuna Ijumaa moja siwezi kuisahau, mwanangu, na leo nimeona nikuandikie, kwa sababu kwa simu utacheka useme mama ameanza tena.

Juzi uliniambia hiyo gari mpya ya kazi inakuchosha. Ati ukipita spidi ya barabara inalia, na ukikanyaga zaidi inakataa, inajishika yenyewe. Ukasema, "Mama, nilipata swichi yake nikazima. Gari haiwezi kunifunza kuendesha." Nilicheka kidogo nisikuharibie siku. Tulipomaliza kuongea nilikaa chini hapo jikoni, chai ikafurika mpaka moto ukazima.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeolewa mwaka mmoja, na wewe uko tumboni. Baba yako alikuwa anaendesha pikapu ya tajiri fulani, anabeba ndizi kutoka Nyacheki kupeleka soko ya Kisii. Tajiri alikuwa ameweka gavana, ile ya kuzuia gari isipite themanini. Madereva wote waliitukana. Walikuwa wanachomoa waya, wakisikia polisi wako mbele wanairudisha. Ni baba yako tu hakuigusa. Wenzake wakamwita Bibi Harusi, kwa vile gari yake ilitembea pole kama ya harusi. Yeye aliwajibu, "Na bibi harusi si hufika?"

Ijumaa hiyo nilikuwa nimeenda naye Kisii kununua nguo zako. Mvua ikatushika mjini, tukachelewa kutoka. Wewe unajua Ijumaa kwetu ni nini. Jua likizama, Sabato imeingia. Chakula kiwe kimepikwa, maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, na mtu wa kanisa asionekane barabarani na mizigo. Mimi nilikuwa nimebatizwa juzi juzi tu, na nilikuwa mkali wa dini kuliko hata mchungaji. Niliangalia jua likishuka, nikaona vile majirani wetu huko nyumbani Birongo watatuona tukipita gizani kama watu hawana Mungu.

Nikamwambia, "Chomoa hiyo waya."

"Tutafika tu, Kerubo. Mungu ameona mvua."

"Wewe unaogopa tajiri kuliko Mungu."

Hayo ndiyo maneno nilisema. Baba yako akaweka gari kando, akainama chini ya usukani, akachomoa. Na nilifurahi, mwanangu. Gari ikikimbia, mimi nilikuwa naimba wimbo wa kanisa.

Tukikaribia Keumbu, kwa ule mteremko, barabara ilikuwa na maji na watu wa soko wanafunga vibanda. Mama mmoja akatoka katikati ya vibanda, akavuka mbio na mkebe wa mafuta taa. Baba yako alikanyaga breki, gari ikateleza tu. Nilimjua kabla hatujamfikia. Alikuwa Mama Nyaboke, yule alinifundisha darasa la ubatizo. Na yeye alikuwa anakimbizana na jua kama sisi.

Alikufa hapo barabarani, kichwa chake kwa mapaja yangu, kabla watu hawajampandisha kwa pikapu kumpeleka hospitali. Jua lilizama nikiwa nimemshika.

Polisi waliona waya inaning'inia. Wakauliza ni nani aliichomoa, na baba yako akasema, "Ni mimi." Hata kortini alisema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na tumbo langu, nikanyamaza. Ile miaka miwili nilikuambia baba yako alikuwa kazi Kericho, hakuwa Kericho. Alikuwa jela. Ulizaliwa akiwa huko. Sasa unajua kwa nini anaenda kanisani kwa miguu hata mvua ikinyesha, na kwa nini ulipokuja na gari mara ya kwanza alikataa kukaa mbele. Wewe ulidhani hafurahii kazi yako. Si hivyo.

Nilienda kwa bwana wa Mama Nyaboke kuomba msamaha. Nilimkuta nje anachagua maharagwe peke yake, kazi ambayo ilikuwa ya bibi yake. Nikamwambia tulikuwa tunakimbilia Sabato. Hakuinua macho.

"Msichana wangu," akasema, "kama jua lingewapata njiani, si mngesimama muombe hapo hapo? Nani alikuambia Mungu anakaa Birongo peke yake?"

Kisha akanisukumia kiti, tukachagua maharagwe mpaka yakaisha. Habari ya waya sikumwambia. Alikufa bila kujua. Wewe ndiye wa kwanza kuniskia nikisema.

Kwa hivyo nakuambia wazi, mwanangu. Hiyo gari ikikataa, iache ikatae. Usione kama inakudharau. Sijaona dereva akizima kitu kama hicho akifikiria ataua mtu. Anafikiria tu amechelewa, na barabara anaijua. Baba yako aliijua ile barabara kuliko mimi ninavyojua shamba langu. Na mtu akikaa kando yako akuharakishe, awe mkubwa wako wa kazi, awe bibi utakayemuoa, hata niwe mimi na Biblia mkononi, usimskize. Akikuambia huna imani, mwache aseme. Mimi nilisema, na ona.

Leo nimemwambia baba yako nakuandikia, na ni nini naandika. Akasema, "Mwambie arudishe hiyo swichi."

Mungu aliyenivumilia miaka hii yote akulinde ukitoka na ukirudi. Akuondolee aibu ya kuchelewa. Ukija nyumbani Ijumaa na jua likuzamie njiani, weka gari kando uombe, halafu uje pole pole. Chakula chako nitakifunika, na baba yako atakaa macho mpaka askie mlango.