Bei ya Shangazi

Juzi nimerudi kwetu Dunda harusini, na mlangoni kijana wa bendi akanipa kikaratasi cha bei: nyimbo tatu kiasi hiki, jioni nzima kiasi hiki. Nikacheka peke yangu. Nawe ungecheka kama ungetujua sisi tulivyokuwa.

Tulikuwa watoto watano, na ngoma mbili, dumbaki moja na gambusi la kuazima. Mwimbaji mimi. Fundi cherehani wa mtaani alikuwa na kinanda cha kodiani, kikuukuu, juu ya kabati, akaahidi kutuuzia sisi ikiwa tutammalizia fedha zake kabla mnunuzi wa Pangani hajafika. Kodiani ile nikiiota hata darasani.

Aliyetutangaza ni shangazi yangu. Alikuwa kungwi, basi nyumba yenye mwari aliijua kabla ya majirani. Akifika huko atatusifu wee, kisha ataje bei: shilingi tano na sinia la pilau. Tano! Tuzo za wanawake, zile wanazoinuka nazo wakicheza polepole waje wakubandike kwenye paji la uso, alizikusanya yeye, akazifunga kwenye pindo la kanga ampelekee fundi. Nami jicho langu halikutoka kwenye lile fundo. Uani nililiona nene. Barazani kwa fundi, jembamba.

"Shangazi yako anatula," mpiga dumbaki akaniambia. "Nani atauza watu shilingi tano kama hana lake?"

Basi ilipokuja harusi ya binti wa mwenye duka, tukamzunguka shangazi. Tulikwenda wenyewe kwa mama wa bibi harusi.

"Shikamoo mama. Bei yetu sasa shilingi arobaini."

"Marahaba. Arobaini! Na meno ya utoto hamjamaliza kung'oa!" Akacheka, akatoa. Alitoa upesi mno, hata naye nikamshuku.

Siku yenyewe niliimba mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Hakuinuka mtu. Udi ulifuka, makofi yakapigwa, kisha mikono ikarudi mapajani. Mwanamke mmoja alianza kunyanyuka na noti yake. Jirani yake akamvuta kanga.

"Kaa, mwenzangu. Hao wamelipwa kama mpishi. Mpishi nani anamtuza?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile bei ya shilingi tano. Arobaini yetu haikufika hata nusu ya fedha alizobaki kutudai fundi, na wiki ile ile kodiani ikaenda Pangani.

Lakini nani aliwaambia wanawake wale bei yetu? Shangazi alikuwa ameketi mkekani, anatafuna tambuu. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kwisha aliinuka yeye, peke yake, akaja akicheza, akanibandika shilingi moja.

"Umeimba, mwanangu," akaninong'oneza.

Nikamtazama machoni, nikitafuta kama ananicheka. Mpaka tunamzika sikupata kujua. Wala habari ya fundo sikuthubutu kumwuliza.

Juzi basi, wanawake wote wamekaa, niliinuka na noti yangu, nikacheza polepole kama yeye. Binti mwimbaji, jasho linamtiririka, akanitazama, akakitazama kile kikaratasi cha bei mkononi mwangu, akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona tumeshalipwa, dada? Unataka nini?"