Kaya ya Mama Birika

Shangazi yangu hakuwahi kupokea simu akiwa amekaa. Iite anapokula, iite anapofua, iite ndiyo kwanza ameegemea ukuta apumzishe magoti, lazima angesimama, ajifute mikono, aweke nguo yake sawa, ndipo aseme, "Ndiyo, nakusikia." Tulimcheka sana. Yeye alisema mtu anayekuita kutoka mbali amejisumbua, usimjibu kama unayefukuza nzi.

Watu walimwita Mama Birika. Aliuza chai kwenye kibaraza cha ofisi ya usajili tangu mimi nikiwa shule ya msingi: birika la maziwa, birika la rangi, vikombe vya bati na mikate chini ya kitambaa cheupe. Wakuu wa ofisi walikuja, wakahamishwa, yeye akabaki. Mume alikufa mapema, mtoto hakujaliwa. Mimi, binti wa kaka yake, ndiye niliyekuwa wa kumpigia kelele anapokataa kwenda hospitali.

Kisha wakaleta kile walichokiita wingu. Bwana mmoja kutoka makao makuu alisimama na kipaza sauti pale uani, akaeleza kwamba majalada hayatakaa tena kwenye chumba cha nyuma. Kumbukumbu zote zingehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni fulani, mbali huko, nje ya mipaka, na zingefunguliwa kutoka ofisi au hospitali yoyote yenye mtandao. Shangazi alipiga makofi. Chumba kile alikijua: kila masika makarani walitoa majalada yaliyolowa na kuyaanika kwenye benchi lake.

"Kumbe serikali nayo hupata akili," aliniambia.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Nalisema mapema, maana hasira niliyonayo si ya mtu anayeogopa mashine. Mgonjwa kutibiwa popote bila kubeba bahasha kwapani ni jambo jema. Lakini mfumo ule uliundwa na watu ambao katika maisha yao hawajawahi kukutana na mtu asiye na simu, na hawakuona haja ya kumtafuta. Bila namba ya simu, jina halikuhifadhiwa. Na kila mara kumbukumbu zako zilipofunguliwa, namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye simu hiyo, isomwe, ndipo mlango ufunguke. Mtaani kwetu wazee wengi hawana simu. Wengine wanayo, imelala kabatini haina chaji.

Wa kwanza kukwama alikuwa fundi viatu, mzee aliyekaa na kisanduku chake ng'ambo ya barabara, akitazamana na lango la ofisi. Jicho moja lilikuwa limeshazima. La pili lilikuwa na ukungu, na alihitaji kadi ya matibabu. Karani wa dirishani tulimwita Chapuchapu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni.

"Babu, namba ya simu. Chapuchapu."

"Sina."

"Basi ya mtoto wako."

"Mtoto niliyebaki naye ni huyu wa jicho."

Foleni nzima ikacheka. Chapuchapu hakucheka. Makao makuu yalitaka idadi ya walioandikishwa kila Ijumaa, na idadi yake ilikuwa ndogo. Akainua macho, akamwona Shangazi anapita na birika.

"Mama Birika, nipe namba yako tumsaidie babu."

"Iandike tu. Simu yenyewe inakaa bure mfukoni."

Mfumo ukakataa. Namba moja iliweza kutumiwa na watu wengi endapo tu ni wa kaya moja. Hapo ndipo Chapuchapu alipofanya lile ambalo mtu mwenye foleni ndefu na bosi mkali hulifanya: akamwandika Shangazi mkuu wa kaya, na fundi viatu mwanakaya. Kompyuta ikauliza uhusiano wao. Akachagua "mtoto", kwa kuwa lilikuwa juu.

"Makubwa haya!" Shangazi akashika kiuno. "Nimezaa mwenye mvi!"

"Ndiyo maana nashinda na njaa, mama," fundi viatu akajibu. "Hujaninyonyesha."

Alinisimulia jioni ile akicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka.

Ikawa ndiyo kawaida ya ofisi. Asiye na simu aliambiwa, "Nenda kwa Mama Birika," na madirisha mengine yakaiga. Wajane, vibarua, wazee wasiojua wamezaliwa lini, wote wakawa watoto wake. Mkuu wa ofisi mwenyewe, kikombe mkononi, alimwambia mbele za watu, "Mama, wewe ni kiungo muhimu cha huduma zetu." Manesi walimpigia kutoka hospitali: mwanakaya wako yuko hapa, tusomee namba. Naye alisoma, tarakimu baada ya tarakimu, huku chai ikifurika kwenye jiko. Malipo hakuomba, wala hakuna aliyefikiria kumpa.

Halafu mtu mmoja makao makuu alitazama kioo cha kompyuta yake, akaona kaya yenye watu wa kujaza kijiji, inayoongozwa na muuza chai. Hakupiga simu kuuliza. Hakutaka kujua ni akaunti za makarani gani zilizoingiza majina yale. Alifunga kaya nzima pamoja na laini ya Shangazi, akaandika: udanganyifu.

Wiki hiyo hiyo fundi viatu alikuwa amepangiwa upasuaji. Daktari alishamweleza kwamba mtoto wa jicho amekomaa na presha inapanda ndani ya jicho, akichelewa, halitarudi. Alifika hospitali ameshika bega la jirani. Wakamwambia kumbukumbu zake hazifunguki, arudi ofisi ya usajili. Akarudi kwa kupapasa, akakaa kwenye benchi la Shangazi. 

Tuliitwa ofisini kwa mkuu. Nasema tuliitwa, ila mimi nilijipeleka. Alikuwepo afisa wa makao makuu, kijana mwenye saa kubwa, na Chapuchapu amesimama kando ya kabati. Mezani palikuwa na maelezo yaliyokwisha kuchapwa. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mimi, mfanyabiashara mdogo, kwa hiari yangu niliwashawishi wananchi wajiandikishe chini ya namba yangu kwa manufaa binafsi..." Akaivua miwani.

"Nani aliwashawishi?"

"Mama, hiyo ni lugha ya kiofisi tu," mkuu akasema.

"Lugha ya kiofisi ndiyo inayoniita mwizi?"

Afisa akaeleza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi. Bila maelezo, suala litakwenda kwenye kamati, na kamati ikiwa kazini akaunti zote zitabaki zimefungwa. Maelezo yakiwepo, kosa limepata mwenyewe, kaya inafunguliwa leo.

"Kamati itamaliza lini?" nikauliza.

"Taratibu zitafuatwa."

Shangazi akageukia kabati. "Chapuchapu, mwanangu, sema."

Karani akatazama viatu vyake, ambavyo soli zake zilishonwa na mzee yule yule. "Mama, nisamehe. Nina familia."

"Na mimi nina kaya nzima. Umenipa wewe."

Nikamshika mkono, nikamwambia asisaini. Nilisema tutatafuta wakili, tutakwenda kwenye magazeti, ushahidi wa nani aliingiza majina umo humo humo kwenye mfumo wao, hauwezi kupotea. Yote yalikuwa kweli. Alinitazama kama ninayeongea usingizini.

"Na hilo gazeti lako litamfumbua mzee jicho?"

Akasaini. Aliikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika.

Kaya ikafunguliwa siku hiyo. Fundi viatu akapasuliwa, na jicho likapona. Shangazi akapigwa marufuku kukanyaga kibaraza, na langoni wakabandika tangazo la kuwaonya wananchi juu ya watu wanaokusanya taarifa za wenzao. Jina halikuandikwa, lakini maneno yalitosha. Mkuu alipandishwa cheo. Afisa, nasikia, alisimama kwenye mkutano akaeleza jinsi mfumo ulivyomnasa tapeli wenyewe, bila msaada wa binadamu. Hadi leo, asiye na simu akifika dirishani anaambiwa, "Njoo na simu."

Shangazi alihamishia mabirika yake ng'ambo, kando ya kisanduku cha fundi viatu. Biashara haikushika. Walikuwepo watu aliowasomea namba zao wakiwa wamelala hospitali, ambao sasa walipita upande wa pili wa barabara wakitazama mbele. Hilo lilimla kuliko marufuku. Aliwatukana kwa sauti ya juu, mmoja mmoja, kwa uhusiano: "Wewe mwanangu wa kwenye kompyuta, hata salamu?"

Mimi niliandika rufaa, nikaandika tena. Mwishowe nikajibiwa kwamba maelezo yanaweza kufutwa, lakini yakifutwa, uchunguzi utaanza upya na akaunti husika zitasimamishwa. Wakati huo fundi viatu bado alikuwa anarudi kliniki kupimwa presha ya jicho.

Nilimpelekea jibu hilo chumbani kwake. Moyo ulikuwa umemchosha, miguu imevimba, sauti imebaki ile ile ya kibarazani. Nilimwambia nitasubiri kliniki ziishe, halafu nitaanza tena, siwezi kukubali azikwe na jina la mwizi. Alinisikiliza hadi mwisho, akafumba macho, nikadhani amelala.

"Waache," akasema. "Ila wakikuuliza niliiba nini, waambie jicho. Na silirudishi."