Ubao wa Manowari

Juzi pale Keko fundi alimwagia maji ubao wa msaji. Harufu ilinivaa, nikajikuta utotoni, uani kwetu Temeke.

Bibi ndiye alikuwaga anaosha maiti za wanawake mtaani. Ubao wake wa kuoshea, wa msaji, uliegemezwa ukutani, mweusi, umejaa matundu ya misumari.

"Huu umetoka kwenye manowari ya Sultani," aliniambia. "Ya matanga. Ilipiga mizinga weee, ikaja kubebeshwa karafuu, mwisho ikaozea bandarini, ikavunjwa. Babu yangu akaambulia kipande hiki."

"Kwa hiyo siyo meli tena?"

"Ni meli, mjukuu wangu. Bado inasafirisha watu."

Nilichanganyikiwa. Kila nikiukagua sikuona tanga wala usukani.

Siku moja uani kukazungushiwa mashuka. Mama akanizuia kupita. Wakubwa wakawa wananong'ona, "Mwosha naye huoshwa." Sikuelewa. Nikamtafuta Bibi anieleze, chumba hadi chumba, hayumo. Kisha maji yakachuruzika chini ya shuka, yananukia msaji uleule. Nikajua meli imeanza kuelea.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Njoo uone, inaondoka!"