Bakuli la Kaburini

Jumapili iliyopita niliwapeleka wanangu kwenye jumba moja la makumbusho hapa Dar es Salaam, nikalikuta lile bakuli bado limo kwenye kabati lake la kioo. Wao wakapiga picha. Mimi nilitoka nje kuvuta pumzi, na sijui nimweleze nani haya kama si wewe.

Nilikuwa na miaka kumi nilipoliona mara ya kwanza. Nilitoka kijijini kwetu Mitwero, pwani ya kusini, na bibi, safari ya siku mbili enzi zile za kusubiri kivuko Rufiji, tukila korosho na mikate ya kumimina iliyotuchachia njiani. Mjomba, mwenyeji wetu, alituahidi kututembeza mjini. Tulianza na aiskrimu ufukweni, nami nikajiona nimeshakuwa mtoto wa mjini. Mshamba mkubwa mimi!

Kisha tukaenda kwenye lile jumba la makumbusho. Ndani, bibi alisimama ghafla mbele ya bakuli jeupe la maua ya buluu. Kwetu pwani mabakuli kama yale yalijengewa kwenye makaburi ya wazee wa kale, na kaburi halisogelewi ukiwa na viatu. Bibi akavua kandambili, akainua mikono, akasoma Fatiha. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa cha marashi, akakinyunyizia kile kioo.

Mlinzi akaja mbio. "We bibi, unachafua kioo! Hapa si msikitini!"

"Hili ni bakuli la kaburi, mwanangu," bibi akamjibu kwa upole. "Mwenyewe mmemlaza wapi?"

Watoto wa shule waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mjomba alikuwa nje anavuta sigara. Mlinzi akanigeukia mimi: "Huyu bibi ni wako?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja na wale watoto.

Bibi akavaa kandambili zake, akatoka. Hakunisemea kwa mjomba wala kwa mama. Mwacha asili ni mtumwa, alipenda kutuambia, lakini siku ile hata hilo hakulisema.

Makaburi ya kale kwetu yamebaki na mashimo tu, mabakuli yote yameshang'olewa. Wapo wanaonifariji kwamba nilikuwa mtoto. Haya. Bibi alizoea kuniita "mume wangu", kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Tangu siku ile hadi tunamzika, aliniita kwa jina langu.