Mchicha Tulioung'oa

Nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na kazi hiyo ilinizoesha vibaya. Nilikuwa nikimtazama mtoto usoni tu, najua kama hajafanya kazi ya nyumbani au daftari limeliwa na mbuzi kweli. Nilipostaafu nikahamia kwenye nyumba yetu hapa Masumbwe, tabia hiyo nikahama nayo. Nilipima watu wazima kwa macho yale yale, na mara nyingi nilikuwa sina habari kwamba nimekosea.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho marehemu mume wangu alikuwa akiegeshea trekta. Kilikuwa kidogo, hatua kumi kwa sita hivi, na kilishindiliwa kikawa kigumu hata kuku walikata tamaa ya kukiparura. Nilikifagia kila asubuhi, nikaona inatosha. Kwetu uwanja uliofagiwa vizuri ndio heshima ya nyumba.

Kisha binti yangu akarudi kutoka Geita, alikoolewa. Alikuja na begi moja na mimba ya miezi mitatu. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, na safari hii mumewe alikubali aje akae kwangu mpaka ajifungue. Kliniki wakampima, wakasema damu ni ndogo, ale mboga za majani kwa wingi. Za sokoni zilifika kwangu zimelala, zimepigwa jua toka asubuhi. Nikaamua nitalima zangu. Nilimtaka yule mjukuu kwa uchu ambao ningeona aibu kuusema mbele za watu, na nilitaka mchicha uote jana.

Jirani akaniletea fundi wa bustani. Alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, mpole wa maneno, Msukuma wa upande wa Mwakitolyo. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama, "Mwangaluka, mayu," akavua viatu kabla ya kukanyaga ardhi yangu ngumu. Akaizunguka mara mbili. Akasema haina njaa ya mbegu, ina njaa ya chakula. Akachimbua matuta mawili, siku nne nzima, kisha akaenda kwenye mashine za kukoboa mpunga akaleta pumba, akaleta samadi ya zizini, akaleta majivu, akavirundika kivulini na kuvimwagia maji.

"Tunapanda lini?" nikamuuliza.

"Ikipoa, mayu. Samadi mbichi inaunguza."

"Itapoa lini?"

Akaingiza mkono kwenye rundo, akautoa. "Bado."

Kila siku ilikuwa bado. Kila siku binti yangu alikula matembele yaliyonyauka, na mimi nikimtazama tumbo kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Nikaanza kumtafutia fundi kosa, na nikalipata haraka. Mikono yake ilitetemeka. Nilimpa kikombe cha uji, nusu ikamwagikia kwenye magoti. Alipojaribu mbegu za chainizi kwenye kitalu, zilianguka mahali pamoja kwa fungu badala ya kusambaa. Nikajisemea, huyu anakunywa gongo. Anakunywa asubuhi, ndiyo maana hana haraka na dunia.

Siku moja nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani.

"Sinywi, mayu," akasema.

"Hebu sogea nikunuse."

Hadi leo nikikumbuka maneno hayo natamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, pengine ana miaka ishirini pungufu yangu, akasogea, akainama kidogo kwa sababu alikuwa mrefu, akafungua mdomo. Alinukia karanga mbichi. Nikamwambia walevi wajanja hutafuna karanga. Nikamlipa siku zake, nikamwambia asirudi. Aliaga vizuri, na kwa kufadhaika akasahau reki yake imeegemea ukuta.

Siku ya pili ukapita mkokoteni wa ng'ombe umejaa udongo. Mwenye mkokoteni alisema ni udongo wa mtoni. Nikaushika. Ulikuwa laini kama unga uliochekechwa, wa kijivujivu, bila hata jiwe moja. Nilifurahi mno. Nilimwambia binti yangu, ona, fundi alikuwa akituzungusha na pumba zake, kumbe udongo mzuri unapita barabarani. Nikaagiza mikokoteni mitatu. Nikaumwaga juu ya matuta yote mawili, nikachanganya na samadi ya fundi, ambayo sasa ilikuwa imepoa, nikasia mchicha kwa mkono wangu usiotetemeka.

Uliota vizuri. Nilimwita jirani aje kuuona. Asubuhi na jioni tulisimama pale, mimi na mwanangu, tukiusifia kama watu waliouzaa.

Wiki ya nne mwanangu alichukua ungo na kisu, akaenda kukata mboga ya kwanza. Mimi nilikuwa jikoni nakatakata kitunguu. Nikasikia mtu anabisha hodi uani, kisha nikasikia sauti yake ikipanda: "Dada, acha! Usikate! Toka hapo kwenye tuta!"

Nilitoka na kisu cha kitunguu mkononi. Fundi alikuwa amekuja kufuata reki yake. Alikuwa amesimama kati ya mwanangu na mchicha, mikono ameitanua.

"Huu udongo umetoka wapi, mayu?"

Nikamwambia wa mtoni. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilidhani amekuja kulipiza.

"Yaya, hapana," akasema. "Huu haukutoka mtoni. Naomba karai na maji."

Nilimpa, labda kwa sababu hakupandisha sauti tena. Alichota udongo viganja viwili kutoka pembeni mwa tuta, akaweka kwenye karai, akamimina maji, akachuchumaa. Akaanza kuuosha jinsi wachimbaji wanavyoosha dhahabu, anazungusha, anamwaga tope, anaongeza maji, anazungusha. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa bado inatetemeka, lakini karai lenyewe lilikwenda sawasawa, na mtetemeko ukawa kama sehemu ya kazi. Mwishoni ukabaki mchanga mweusi, mstari mwembamba. Akainamisha karai juani.

Katikati ya mchanga kulikuwa na vitone viwili vya fedha, vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Akaligonga karai kwa kidole. Vitone vikakimbiliana, vikawa kimoja.

"Zebaki," akasema. "Haya ni marudio, mayu. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu, wakautupa. Kuna watu wanauzoa na kuuza kwa wasioujua. Huwezi kumlisha mtu mboga ya hapa. Na mwenye mimba usimlishe hata jani moja."

Mwanangu aliuweka ungo chini. Mimi nikaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

Ndipo akatueleza, akiwa bado amechuchumaa. Alianza duarani, kwenye shimo la dhahabu, huko Mwakitolyo akiwa kijana, na baadaye akawa mchomaji. Wenzake walimletea donge la dhahabu lililoshikana na zebaki, yeye akaliweka kwenye kibati juu ya moto mpaka zebaki iishe kwa moshi. Alifanya hivyo nyumbani, mlango umefungwa ili wezi wasione. Mikono ilipoanza kutetemeka alikuwa hajagusa pombe wala nini. Daktari mmoja Mwanza ndiye aliyemwambia ni ule moshi. Alikuwa amechelewa kujua. Mimba za mkewe zilikuwa zimetoka tatu.

Alisema hayo bila kunitazama, na hakunikumbusha kwamba nilimnusa.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikudhalilisha."

"Yameisha, mayu."

Hayakuwa yameisha kwangu. Nilitaka aseme neno baya ili tulingane, naye hakusema.

Nilipogeuka, mwanangu alikuwa ameshikilia nguzo ya jiko. "Mama," akasema polepole, "kwetu anachomea jikoni. Kwenye jiko langu la mkaa."

Mkwe wangu ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Nilijua hilo, na nilijivunia. Sikuwahi kuuliza anaichomea wapi. Mimba ya kwanza ilipotoka, wifi zake walisema mwanangu ana mkosi. Ya pili ilipotoka, mimi mwenyewe, mama yake, nilimkalisha chumbani nikamuuliza alifanya nini usichanani ambacho hakuniambia. Alilia, akasema hakufanya kitu, na mimi nikamtazama usoni kwa yale macho yangu ya darasani nikaamua anaficha.

Tulikwenda kliniki siku hiyo hiyo. Muuguzi alisema hawezi kuapa ni nini kiliwaua wale wawili, lakini moshi huo si wa kukaa karibu na mwenye mimba, na amshukuru Mungu yuko kwangu. Nikampigia simu mkwe wangu. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe wanaoneana haya; tulikuwa tukisalimiana kwa mbali tu, na mengine yakipitia kwa mwanangu. Siku hiyo niliweka haya pembeni, nikamweleza yote. Alisikiliza. Kisha akasema kwa heshima, "Lakini mama, huku kila mtu anachomea nyumbani," akaniaga.

Mchicha tuliung'oa wote. Fundi alijifunga mifuko ya plastiki mikononi, akauchota ule udongo mpaka shubiri moja chini yake, akaujaza kwenye viroba, na bwana afya wa kata akatuonyesha pa kuupeleka, mbali na visima. Hakumruhusu mwanangu kukanyaga uani mpaka alipomaliza. Kisha akaanza upya na pumba, samadi na majivu, akiingiza mkono kwenye rundo na kusema bado. Safari hii nilinyamaza. Nilijifunza kumjazia uji nusu kikombe, na kusia mbegu tukasaidiana. Mwanangu alikula mchicha wa matuta yale mwezi wa saba, wa nane na wa tisa wa mimba, na akajifungua mtoto wa kike aliyelia kabla hajashikwa vizuri.

Mkwe wangu alikuja siku ya nne, na kitenge na kilo za sukari. Alimpakata mtoto kwa muda mrefu. Kisha akamrudisha, akatoka uani. Fundi alikuwa akipalilia. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, na sitasema uongo kwamba sikusikiliza.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyewaambia habari za moshi."

"Ee, ni mimi."

Mkwe wangu akachuchumaa karibu naye. "Na wale wawili wa mwanzo? Ni mimi?"

"Hilo hata mimi daktari hakuweza kuniambia kuhusu wale wangu."

"Nyumbani walisema ni mkosi wake. Na mimi nilimwambia hivyo. Nilimwambia mbele ya dada zangu."

"Ingia ndani umwombe radhi."

"Nitamwambia jioni, wageni wakishaondoka."

"Ingia sasa hivi," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimkatia mtu neno. "Mimi mke wangu nilimrudisha kwao. Nilisema tumbo lake bovu. Siku hizi yuko Nkome, kaolewa na mvuvi wa dagaa. Ana watoto wanne."